Mafuta Makali kwenye Mashavu ya Bwana Harusi

Nimenyoa watu Kangemi kwa miaka kumi na minne, katika chumba kimoja chenye viti viwili na kioo kirefu, hatua chache kutoka sokoni. Nywele za kichwa hazijawahi kunipa shida. Shida ni ndevu. Za wengi wetu zimejikunja, na zikikatwa karibu sana na ngozi hurudi ndani badala ya kutoka nje. Shingo inajaa vipele, mtu anakuna, vinatunga usaha. Nilikuwa nikiwapaka spiriti kama nilivyofundishwa. Walikunja uso, wakacheka, wakaenda zao, na wiki iliyofuata vipele vilikuwa palepale.

Kanisani kwetu kuna dada tuliyetoka naye upande mmoja wa magharibi. Alikuwa akifanya kazi ya nyumba Loresho, na mwajiri wake alipohamia ng'ambo alimwachia katoni ya vitu vya bafuni. Ndani yake mlikuwa na kichupa cha mafuta cha rangi ya kahawia kilichobaki nusu, kimeandikwa tea tree, yaani mti wa chai. Akaniletea.

“Madam alikuwa anapaka hii akitokwa na chunusi,” aliniambia. “Wewe ndiye unashinda na ngozi za watu. Chukua.”

Nilinusa. Harufu ilinipanda puani kama ya mkaratusi. Kwa sababu ya hilo jina nilidhani yamekamuliwa kwenye majani ya chai, haya ya Kericho, na chai si tunakunywa kila siku? Sikuona ubaya wowote. Nilijipaka tone moja kwenye kipele cha shingo. Kiliwasha kidogo, kesho yake kikanywea. Nikajiona nimepata dawa.

Miongoni mwa wateja wangu wa zamani kulikuwa na seremala mmoja Mkamba, mtu mpole, ambaye siku hizo alikuwa akifunga makabati kwenye ofisi za Upper Hill. Alikuja Alhamisi moja mchana, akakaa kitini akitabasamu.

“Kinyozi yangu, harusi ni kesho kutwa,” alisema. “Nataka uso laini. Sitaki kuona kipele hata moja kwa picha.”

Nilimnyoa kwa wembe mara mbili, mara ya pili kwenda kinyume na ndevu zinavyoota, ili shavu liwe kama la mtoto. Kisha nikamimina yale mafuta kiganjani, hivyohivyo yalivyo, nikampaka mashavu yote mawili na shingo.

“Boss, hii kitu inachoma.”

“Ikichoma ujue inafanya kazi,” nilimjibu.

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliendelea kukaa, machozi yakimlengalenga, akisubiri ifanye kazi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nafagia nilipoona mwanamke amesimama mlangoni. Nyuma yake alikuwa seremala, amevuta kofia ya jaketi mpaka kwenye nyusi. Mwanamke akaivuta nyuma. Mashavu yalikuwa yamevimba na kuiva kwa wekundu, na chini ya taya malengelenge madogo yalikuwa yamejipanga pale wembe ulipopita.

“Ndugu, huyu ananioa kesho,” alisema. “Ulimpaka nini?”

Nilianza kueleza kuhusu yule dada wa kanisani na Loresho. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Sitaki hadithi. Beba hiyo chupa twende kwa daktari.”

Nilifunga duka, tukatembea wote watatu hadi duka la dawa lililo karibu na Waiyaki Way. Mfamasia wa pale ni mama wa makamo ambaye sote tunamwita daktari. Alimtazama seremala machoni kwanza, akamuuliza kama anaona vizuri na kama anapumua bila shida. Alipojibiwa ndiyo, akanigeukia.

“Hii chupa ilifunguliwa lini?”

“Sijui, daktari. Nilipewa.”

“Ulichanganya na nini?”

“Na… hakuna.”

Alivua miwani akaiweka kaunta. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliniambia kwamba huo mti si wa chai tunayokunywa, ni mti mwingine kabisa wa Australia, na mafuta yake ni makali, hayapakwi uso mzima bila kuzimuliwa. Kwamba yakikaa wazi muda mrefu yanaharibika, na yakiharibika ndipo yanazidi kuchokoza ngozi. Kwamba ngozi iliyonyolewa sasa hivi ina mikwaruzo hata kama huioni.

“Na yasinywewe kamwe,” aliongeza. “Mtoto akimeza ni sumu. Hata kwa paka wa nyumbani. Yafungie juu.”

Seremala alipewa krimu nyepesi ya kutuliza, akaambiwa aoshe uso kwa maji baridi tu, asipake sabuni wala poda, na uvimbe ukipanda machoni aende hospitali bila kungoja. Tukiwa tunatoka, bibi harusi alimuuliza daktari kama kesho wanaweza kumpaka vipodozi kidogo tu, kwa ajili ya picha.

“Ukitaka picha nzuri na mume mwenye makovu, mpake,” daktari alijibu.

Hakumpaka. Niliambiwa na waliohudhuria kwamba bwana harusi alisimama madhabahuni na mashavu mekundu, na mchungaji alipouliza kama kuna mwenye pingamizi, shangazi mmoja alisema kwa sauti kwamba pingamizi liko kwa kinyozi. Kanisa zima lilicheka. Mimi nilikuwa nimealikwa. Nilishindwa kwenda.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule mfamasia peke yangu, na daftari. Alinionyesha kichupa cha mililita thelathini. Mafuta mepesi ya kawaida, kama ya nazi, yajae humo, alisema, na ya tea tree yawe matone sita, yasizidi. Usitie kwenye maji, kwa sababu hayachanganyiki. Yanaelea juu na mtu anajipaka makali matupu. Mteja apake kidogo kwanza upande wa ndani wa mkono, asubiri siku moja, mbili ni bora zaidi. Pakiwasha au pakiwa pekundu, hayamfai. Na usimpe mtu kitini akitoka kunyolewa. Apake kesho yake, ngozi ikiwa imetulia.

Kile kichupa cha Loresho nilimwachia akitupe. Siku hizi nanunua kidogo kidogo, naandika kwenye kichupa siku niliyokifungua, na nakihifadhi kabatini mbali na jua. Jumatatu mchana, wateja wakiwa wachache, nachanganya vichupa vitano au sita. Wapo wanaolalamika.

“Hii yako haichomi,” kijana mmoja aliniambia juzi, akisugua tone kati ya vidole. “Iko na maji?”

“Haitakiwi kuchoma,” nilimwambia. “Na kama mkono haujakuwasha kufikia Jumatano, ndiyo upake shingoni.”

Aliniangalia kama mtu anayenyimwa kitu, lakini akakunja mkono wa shati.

Seremala alirudi mwezi mmoja baadaye. Uso ulikuwa umepona, isipokuwa alama nyeusi kidogo chini ya taya. Nilimwomba msamaha kabla hajakaa. Alisema yameisha, ila ninyoe kichwa tu, ndevu nisiguse. Ilipita karibu nusu mwaka kabla hajaniruhusu, na hata hapo ni kwa mashine, si kwa wembe. Mfamasia alikuwa amenionya kwamba ngozi ikishayakataa mafuta haya inaweza kuyakataa milele, hata yakizimuliwa vipi, kwa hiyo yeye nampaka mafuta ya nazi matupu. Mkewe huja naye mara nyingine, hukaa kwenye kiti cha pili akisoma simu, na kila ninaponyoosha mkono kuchukua chupa, huinua macho kuangalia ni ipi.