Ratili Moja, Dola Ishirini

Verna Hruska alifanya kazi miaka thelathini na moja katika duka la mashine za kufulia zinazoendeshwa kwa sarafu pale Sandusky, Ohio, na muda wote huo hakuwahi kuhesabu robo za dola kwa vidole. Alizipima. Robo themanini ni ratili moja, na ratili moja ni dola ishirini; basi, hesabu imekwisha, mwenye kutaka kubishana abishane na mizani. Jumatatu asubuhi alikuwa akifungua vikasha vya sarafu vya mashine, anamimina robo mfukoni, anaubwaga mfuko kwenye mizani ya chuma na kutamka jumla kabla sindano haijatulia. Mzee Fenske, mwenye duka, aliandika alichoambiwa na kuendelea na kahawa yake. Siku zile, jamani, duka lilinuka sabuni na donati, watu wakikunja mashuka huku wakisengenyana, na neno la Verna lilikuwa risiti.

Mzee Fenske akafa. Duka likamwangukia mwanawe Darrin, kijana si mbaya, ila kila kitu lazima akihakikishe mara mbili. Wiki ya tatu tu akaketi nyuma ya duka na mfuko ambao Verna aliupima ratili hamsini, akahesabu robo moja moja na kuzifunga kwenye karatasi, arobaini arobaini. Akarudia. Kisha akamwita.

"Bi Verna, uliandika dola elfu moja. Mimi napata mia tisa na tisini na senti sabini na tano."

"Hesabu tena, mwanangu."

"Nimehesabu mara mbili. Ufunguo wa vikasha unao wewe peke yako." Darrin aliangalia meza. "Sisemi umeiba."

"Unasema nini basi?"

Dola tisa na robo, bei ya piza! Lakini Verna aliumia hasa. Alijua Jumatatu ijayo ufunguo ungekuwa mfukoni mwa mtu mwingine, na mtaa mzima ungejua sababu yake. Mwanamke wa miaka sitini na minane, aliyewahi kumkimbiza mteja hadi kituo cha basi kumrudishia senti kumi, leo aitwe mwizi wa robo. Akavuta kiti, akaweka fungu la kwanza kwenye mizani.

Nusu ratili kamili. La pili vilevile. Alipima mafungu tisini, Darrin akiwa amesimama amekunja mikono. Fungu la tisini na moja likaipitisha sindano nusu ratili. Verna akalitoa, akalirudisha. Sindano ikapita tena.

"Mizani yako imezeeka," Darrin akasema.

"Mizani haijazeeka. Nyamaza kidogo."

Akachana karatasi. Robo za kawaida ukizitazama ukingoni utaona mstari mwekundu wa shaba. Hizi zilikuwa nyeupe tupu. Mwaka 1962. Mwaka 1957. Mwaka 1964. Zilikuwa robo za zamani, za madini ya fedha, nzito kuliko za sasa. Yeyote atakayezipima kwa ratili atadhani ziko nyingi kuliko zilivyo. Mafungu tisa, pamoja na sarafu tatu za ziada, zote hivyo.

"Nani hufulia nguo kwa fedha halisi?" Darrin akauliza. "Hizi kila moja thamani yake inazidi dola tatu."

Verna alishaelewa. Wiki iliyopita bomba la maji moto lilipasuka nyumbani, na fundi alitaka noti. Alitoa chupa ya achari iliyojaa robo, iliyokuwa nyuma ya kabati tangu mumewe Clyde afariki, akaileta dukani, akazipima robo zake ratili tano, akazimimina chini kabisa ya mfuko wa duka na kuchukua dola mia za noti kwenye droo ya duka. Clyde aliendesha gari la mikate miaka mingi, na kila Ijumaa alipekua chenji yake mezani, akitenga robo za zamani. Verna alimtania: bahili wewe, utazikwa na robo zako. Naye alicheka tu, akatumbukiza moja chupani, akafunga kifuniko.

"Ni zangu," akasema. "Niliziweka mimi, nikachukua dola mia. Kwa hiyo zile dola tisa na robo nilizichukua kweli. Nitakulipa."

Darrin akageuka mwekundu hadi masikioni. Akasukuma mafungu upande wake. "Bi Verna, chukua zote. Dola mia utanipa ukipata. Nisamehe."

"Utanikata kwenye mshahara. Na ufunguo?"

"Ufunguo ni wako."

"Utaziuza?" Darrin akauliza baadaye, alipoona Verna haondoki.

"Niliziuza tayari," Verna akasema. "Nilimuuza Clyde kwa fundi bomba."

Akazihesabu kwa vidole, robo mia tatu sitini na tatu, akisoma mwaka wa kila moja. Alipofika katikati machozi yalimzuia kusoma. "Ungesema tu, Clyde," akanong'ona. "Miaka yote ile, ungesema tu."