Leso ya Phelesia

Zadock alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege cha Homa Bay. Alifyeka nyasi, akafukuza ng'ombe, na kuuchunga ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakovuma, watu wasije wakaushona suruali. Sheria aliyopewa ilikuwa moja: ndege ikitua, mtu asiwe njiani.

Mwaka 1966 mwanawe Cephas alikuwa anasomea urubani Nairobi, zikaja habari kwamba angeruka peke yake mpaka nyumbani. Phelesia, mama yake, alishikwa na kichaa cha furaha. Aliwakusanya akina mama wa kanisani, kila mmoja na leso yake, wamtandikie kijana akanyage kama mgeni wa heshima. Zadock akawaomba watandike pembeni mwa njia ya ndege.

"Baba Cephas, tangu lini mgeni akapitishwa pembeni?"

Wakamcheka. Naye, mlinzi mzima, akawaachia watandike njiani, maana moyoni alitaka hivyo hivyo.

Ndege ikashuka. Akina mama wakatimka kwa vigelegele, lakini leso ya Phelesia ilikuwa imejikunja, akarudi kuinyoosha. Cephas akamkwepa. Gurudumu likapita juu ya leso, ndege ikapinda, ikajitosa mtaroni, bawa likavunjika na mlango ukakwama. Zadock aliubandua kwa panga lake la nyasi huku akilia waziwazi, akamtoa mwanawe. Damu ilikuwa ya pua tu.

Alasiri akatua mwalimu wa Cephas wa urubani, Mzungu asiyejua lugha ila Kiingereza. Leso zilikuwa zimeshakusanywa. Akauliza kilichotokea.

Zadock alibanwa kotekote. Akisema, kazi imekwenda, na wadogo zake Cephas wanakula kwa panga lile. Asiposema, mwanawe ataitwa mzembe. Mwishowe akavua kofia, akasema kwa Dholuo, "Mwanangu, mwambie ni mimi niliyewaruhusu wanawake."

Cephas akamtazama, kisha akamgeukia mwalimu na kutafsiri. Mwalimu akainua macho kwenye mfuko wa upepo, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Zadock akaelewa, na hakuwa na Kiingereza cha kukanusha.

"Umemwambia nini, wuoda, mwanangu?"

"Kwamba upepo ulinishinda. Niache, Baba. Na mama naye usimwambie."

Chuo hakikumpa ndege tena. Cephas akaishia kuuza vipuri vya baiskeli Migori, na Zadock akaendelea kuwafyekea nyasi watoto wa wenzake waliotua na ndege.

Phelesia aliambiwa ni upepo, akaamini. Leso aliifua, alama ya gurudumu ikakataa kutoka, basi akaitundika sebuleni. Kila mgeni huonyeshwa.

"Hapa ndipo alipopita mwanangu siku aliyokuja na ndege," husema, akiipapasa.

Kisha humgeukia mumewe athibitishe. Naye Zadock huitikia ndiyo, ndipo hapo, na kuinamia kikombe chake cha chai.