Mwandiko wa Mama Njeri

Jumanne, tarehe nne Machi, nilikuwa ofisini kwangu Ruiru nikifungua barua kumi na moja zilizofungwa kwa uzi wa sweta. Harufu ya mafuta ya taa ilinipanda puani kabla sijasoma neno. Njeri, jirani yetu wa zamani, alikuwa ameniletea ili nitengeneze fonti, yaani herufi za kompyuta, kutokana na mwandiko wa marehemu mama yake, aipige chapa kwenye pakiti za unga wa uji anaouza huko Kamakis. Fonti za namna hiyo hupendwa kwenye kadi za harusi na vyakula vya nyumbani, kwa kuwa humfanya mnunuzi ahisi kuna mtu nyuma ya karatasi.

"Usiunyooshe," alinisihi. "Naupenda vile unatetemeka."

Baada ya mistari miwili sikuweza kuketi tena. Mwandiko ule, wasomaji wangu, ulikuwa wangu.

Nilikuwa darasa la tano, tukiishi mtaa wa Landless, mlango kwa mlango na Mama Njeri, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Njeri alikuwa Kisumu akisomea uuguzi. Mama yake alikuwa amemtangazia kwa fahari kwamba ameingia ngumbaru, darasa la watu wazima. Hakumwambia kwamba zamu za kiwandani zilimtoa baada ya wiki mbili. Basi kila mwisho wa mwezi aliniita, akanipa mandazi, akatamka barua huku mimi nikiandika.

Ya kwanza niliiandika kwa ufundi wote niliofunzwa. Aliitazama kwa muda, kisha akaichana.

"Wangari, unataka nishikwe? Mtu wa ngumbaru haandiki hivi. Andika kama mtu ametoka kazi."

Nikajifunza kuitetemesha kalamu. Miezi ilivyopita aliniruhusu kunyoosha kidogo kidogo: leo herufi hii, mwezi ujao ile. Njeri alimjibu akimsifu kwa bidii yake, nami nikamsomea sifa hizo nikijizuia kucheka. Yeye hakucheka. Aliniomba nizirudie mara tatu.

Wakati ule nilidhani tunadanganya tu, kama kwenye mtihani. Leo, nikiwa na binti yangu aliye chuoni, ndipo ninapoelewa kwamba mwanamke yule alikuwa akimjenga, herufi kwa herufi, mwanafunzi ambaye zamu zilimnyima nafasi ya kuwa.

Wiki tatu nilichora na kufuta. Njeri alipopiga simu nilisingizia kompyuta. Nikinyamaza, ningeuza mkono wangu kwa jina la mama yake. Nikisema, ningemnyang'anya alichobaki nacho. Mwishowe nilichukua kalamu:

"Dada Njeri, herufi hizi niliziandika mimi. Mama aliacha ngumbaru mapema, akaona haya kukuambia. Lakini hakuna neno hata moja nililomtungia, na kule kutetemeka unakokupenda aliniamuru yeye, ili umwone akijifunza. Fonti imekamilika, ila haitatoka hapa mpaka uamue. Ukitaka, njoo nikusomee barua zote kwa sauti. Nakumbuka alipocheka, na mahali aliponiambia niweke kalamu chini kwanza."