Gunia la Kupeleka Majengo

Mama ndiye aliyenituma. Mwaka ule wa kampeni za vyama vingi, sisi wa upande wa Kitale tulivuna vizuri, ghala likajaa mpaka mlango ukakataa kufungika. Lakini kila aliyetoka Nairobi alisema unga umepotea madukani. Dada yangu Nekesa alikuwa akiishi huko, mtaa wa Majengo, na binti yake Nafula. Tangu afiwe na mumewe hatukuwa tumemwona. Mara nyingi Mama aliusimamisha mwiko ghafla akisonga ugali, nasi tukajua anamwaza nani. Mwishowe akaniambia nimpelekee dada gunia la mahindi, na nikiweza, nirudi naye.

Niliondoka alfajiri, gunia likiwa limefungwa juu ya basi. Karibu na Timboroa tukasimamishwa kizuizini. Askari akauliza gunia ni la nani. Nikamweleza kwamba ni la dada yangu, si la kuuza, na limetoka katika shamba letu wenyewe. Akanijibu kwa upole kwamba mahindi hayatoki wilayani bila kibali, sheria ni hiyo. Gunia likashushwa, likawekwa juu ya mengine kando ya barabara. Aliniachia kiasi cha kujaza kikapu tu. Basi lilipoondoka niligeuka kuyatazama magunia yale mpaka kona ikayaficha.

Nairobi nilifika jua likielekea kuzama. Nilipita katikati ya Gikomba, wauza mitumba wakifunga marobota yao, nikaulizia njia mpaka Majengo. Nekesa alinikumbatia. Kabla hajauliza habari za nyumbani aliingiza mkono ndani ya kikapu, akateka mahindi, akayanusa. Alikuwa amekonda. Nafula alinisalimu, "Sasa, mama mdogo?" kisha akatabasamu kwa haya.

Kesho yake asubuhi tulifuatana na jirani yao, Mama Zuhura, hadi Eastleigh, kwenye duka la jumla lililosemekana limepokea unga. Tuliwakuta wanawake wengi mbele ya lango lililofungwa. Karani alitokeza kichwa akasema hakuna kitu. Wenzangu wakasema unga umo, ila unasubiri bei ipande. Gari la kampeni likapita na vipaza sauti, mgombea akiahidi kwamba hakuna Mkenya atakayelala njaa. Hakuna aliyegeuza shingo.

Mama Zuhura aliposikia nimetoka Kitale, alinitazama kwa makini.

"Huko kwenu juzi mlikula nini?"

"Ugali," nikasema.

"Wa rangi gani?"

Nilielewa. Wao walikuwa wakila mahindi ya manjano, yale ya msaada yaliyoletwa kwa meli. Nikamjibu kwamba ulikuwa mweupe, na nikaona haya, kana kwamba nimejisifu. Wanawake wengine wakasogea. Mmoja akasema wakulima ndio wanaoficha mahindi. Nikawaambia kwamba kwetu yanaliwa na fukusi kwa kukosa mnunuzi, na gunia langu mwenyewe limebaki barabarani. Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha kila mtu akarudi kutazama lango, ambalo siku hiyo halikufunguliwa.

Jioni Nekesa alipeleka mahindi ya kikapu kwenye mashine ya kusaga, akapika ugali, akamwita Mama Zuhura tule pamoja. Dada alikula polepole, macho ukutani. Aliniuliza kama mto wetu bado unafurika Aprili, kama watoto bado wanachoma mahindi kwenye moto wa mabua. Ndipo nikampa ujumbe wa Mama.

Nekesa aliweka tonge chini. Akasema hakuna siku inayopita bila kuota yuko nyumbani. Lakini shamba ni la kaka zetu, na yeye huko atakuwa mgeni. Hapa ana cherehani yake na chumba chake.

"Mchukue Nafula," akasema. "Mimi naweza kulala na chai. Yeye bado anakua."

Nafula alikuwa anaosha sahani. Mikono yake ikasimama majini.

Siku ya kurudi, Nekesa alitusindikiza hadi kituo cha basi. Alimfunga mtoto kitambaa kichwani, akakifungua, akakifunga tena. Hakungoja basi liondoke. Pale kizuizini askari alipanda, akatazama chini ya viti, akamtazama Nafula, akateremka. Hakuna aliyetuuliza kibali cha mtoto. Nilizoea kudhani njaa huletwa na mvua kukosekana. Safari hii ilinifundisha kwamba mvua inaweza kunyesha vizuri, chakula kikawepo, na bado mtu akatenganishwa na mwanawe kwa ajili ya sahani ya ugali.

Mama alikuwa ametungoja barabarani. Aliangalia mlango wa basi mpaka ukafungwa, ndipo akamshika Nafula mkono. Nyumbani akampakulia. Mtoto alikula nusu, akasukuma sahani kando.

"Nyanya, huu utakaa mpaka mama aje?"

Mama alivuta pumzi. "Ugali haukai, mjukuu wangu. Kinachokaa ni mahindi."

Nafula akaivuta tena sahani. Mama aliinuka, akaenda ghalani, na aliporudi alituambia kwamba yale magunia ya kwenye ukuta wa nyuma, mnunuzi akija, tusimwonyeshe.