Fatiha ya Haraka

Mimi ni mtu wa shaka, hilo nalijua. Mama mkwe wangu alinambia tangu nilipokuwa bi harusi. Mtu akinisifu sana, mkono wangu huenda wenyewe kwenye mkoba. Basi mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alipokuja na maneno yake ya asali, "mama zetu, taa zetu, bila nyinyi shule haisimami," moyo wangu ukanambia: haya, tumekwisha.

Lakini jengo nililitaka. Wallahi nililitaka kuliko mzazi yeyote pale Bondeni. Binti yangu ana pumu. Darasa lake lilikuwa banda la mabati lililopakana na karakana ya kuchomelea vyuma, na dirisha lake la pekee lilifungukia huko huko kwenye moshi. Mchana banda lile ni tanuri. Alikuwa akirudi nyumbani kifua chalia, mabega yapanda na kushuka, nami namkanda mgongo huku nikimlaani kila aliyehusika. Tuliambiwa jengo jipya litakuwa na madarasa chini, yenye madirisha makubwa, na watoto wadogo ndio wataingia kwanza.

Kwa hivyo nilikaanga. Kila Jumapili wazazi wanawake tulikuwa tukipeleka karai zetu ufukweni Mama Ngina, tukauza viazi, bhajia na kachiri mpaka nywele zikanuka mafuta chini ya mtandio. Mume wangu, ambaye huuza vifaa vya simu juu ya meza barabarani, alizunguka madukani na wanaume wenzake kuomba michango. Watu walitoa, Mungu awalipe. Mombasa ukitaja watoto na elimu, hakuna anayekurudisha mikono mitupu.

Kilichonikera ni mikutano. Kwetu jambo likishakubaliwa husomewa Fatiha, na ikishasomwa limekwisha. Kurudi kuuliza baada ya hapo ni kukosa adabu, ni kama kuitia dua dosari. Nami nimelelewa hivyo hivyo. Ila huyu bwana Fatiha yake ilikuwa ya haraka mno. Baba mmoja akauliza ramani iko wapi. "Iko kwa mhandisi, inshallah. Tusomeni Fatiha." Mikono yote juu. Mkutano uliofuata mwengine akauliza ni nani aliyepewa kazi ya kujenga. "Mtu wetu, mtu mwema. Tusomeni Fatiha." Tukasoma tena.

"Huyu awafunga watu midomo kwa dua," nilimwambia mume wangu tulipofika nyumbani.

"Astaghfirullah! Wewe mwanamke, mche Mungu."

Nikanyamaza, lakini macho sikuyafumba. Kuta zilipoanza kupanda, nilikuwa nikienda sokoni kwa njia ya pale makusudi, ingawa ni mzunguko. Mimi nimezaliwa juu ya duka la vitambaa la babangu. Duka nalijua hata kabla halijapigwa lipu. Siku moja nikaona upande wote wa barabara umeachwa milango mipana, kila mmoja na kibaraza chake cha kupandia wateja, na dirisha hata moja hakuna. Ala! Nilicheka peke yangu barabarani kwa hasira, mpaka muuza maji akanitazama vibaya.

Mkutano uliofuata sikungoja. Mwenyekiti alipomaliza tu kushukuru, nikasimama upande wetu wa wanawake.

"Bwana mwenyekiti, kwa heshima zote. Naomba nionyeshwe mlango wa darasa la mwanangu ni upi."

Mwenyekiti akatabasamu. "Mama yetu ana haraka. Chini tumeweka maduka, ili shule ipate kodi yake ijitegemee. Madarasa yatakuja ghorofani, inshallah."

"Ghorofani lini?"

"Mungu akijaalia. Tusomeni Fatiha."

Na wakainua! Wanawake niliokaanga nao, walioungua vidole pamoja nami, wote mikono juu na midomo yatikisika. Mimi yangu niliibakisha mapajani. Nikageuka kumtafuta mume wangu kule kwa wanaume, nikijua angalau yeye yuko nami, maana ndiye anayemwinua mtoto kitandani pumzi zikimkatikia. Mikono yake ilikuwa juu. Alipojipangusa uso kwa amina, hakunitazama.

Nyumbani nilifunga mlango kwanza, mtoto asisikie.

"Umeahidiwa?"

Akavua kofia, akaigeuza geuza mkononi. "Duka la kona," akasema. Kisha akaendelea upesi upesi. "Hebu fikiri na wewe. Pale juani kwa meza napata nini? Na dawa za mtoto wazijua bei yake. Duka lile ndilo litakalozilipa."

"Kwa hivyo yeye akae mule bandani augue, ili wewe upate pa kuuzia umnunulie dawa?"

Akaivaa tena kofia yake, akatoka. Jumatatu nilimvisha mtoto mtandio, nikamtilia pampu yake ya pumu mkobani, nikampeleka bandani.