Baba na Ukurasa wa Tanzia

Juzi pale Ipogolo niliona wanaume wamesimama mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila kununua. Nikamkumbuka baba.

Kwetu Mafinga, nilipokuwa mdogo, mchana mmoja wenye harufu ya mbao mbichi, mafundi seremala waligawana gazeti moja. Wapenzi wa mpira walichukua kurasa za nyuma, wa siasa za mbele. Baba alichukua tanzia.

"Baba Festo, wewe kila siku makaburini tu!" fundi mmoja alimtania, wenzake wakacheka.

Baba alipitisha kidole chini ya kila picha, kisha akaukunja ukurasa. "Leo hayumo," alisema taratibu.

Nilijua anamtafuta kaka Festo, aliyekwenda machimboni Chunya akanyamaza mwaka mzima. Lakini nilikuwa sijui kusoma. Niliona watu waliovaa tai, nikadhani gazeti huweka picha za waliofanikiwa.

"Usijali, baba," nilimwambia. "Kesho watamweka."

Mafundi wakaacha kucheka. Baba aliufungua tena ule ukurasa, akaanza kuzipitia picha upya, moja moja.