Wapangaji Katika Nyumba Tuliyoinunua

Nyumba ile tuliinunua kwa mzee mmoja muuza vitambaa. Baba yake alitoka pwani akaoa Tabora, na yeye mwenyewe alizeekea Shinyanga mjini. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Ilikuwa miaka ya sabini, tuna watoto wawili, na tulikuwa tumechoka kuhamia vyumba vya watu. Mzee miguu ilikuwa inamsumbua, akataka kurudi Tabora akatunzwe na dada yake.

Siku ya kuuziana tulikaa barazani kwake, balozi wa nyumba kumi akiwa shahidi. Mzee akapokea fedha, akatia sahihi karatasi ya mauzo, mume wangu akatia yake, balozi akamalizia. Kisha mzee akanigeukia mimi, akanipa funguo.

"Chukua, mwanangu. Kuanzia leo mimi ndiye mgeni hapa. Haya, nikaribishe chai."

Nilimpikia chai kwenye jiko lake, nikammiminia katika kikombe chake, naye akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni kweli. Tulicheka sana siku ile.

Tuliishi humo miaka mingi. Mume wangu alibadilisha mabati yote yaliyooza. Mimi nilizaa mtoto wa tatu katika chumba cha nyuma, mvua ikinyesha, jirani akiwa mkunga. Mama mkwe alipougua kijijini kwake Samuye tulimleta kwetu, akafia mikononi mwangu katika chumba hicho hicho. Mtu akiniuliza nakaa wapi, nilijibu, "Kwangu," wala sikuwahi kulifikiria neno hilo.

Tulikuja kuambiwa ukweli tulipotaka kuongeza chumba. Mume wangu alikwenda ofisi ya ardhi kuomba ruhusa ya kujenga, akarudi kabla ya saa sita, akakaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Wanasema nyumba ni ya mzee."

"Si alituuzia?"

"Nimewaambia hivyo. Wanasema kiwanja ni cha serikali, mzee alipewa haki ya kukitumia tu, na haki hiyo haihami mpaka serikali itoe kibali na jina libadilishwe. Tulichofanya na balozi ni mapatano yetu sisi."

"Kwa hiyo miaka yote hii sisi ni nani?"

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

Ofisa hakumficha dawa yake. Mzee aje mwenyewe aombe kibali, basi. Mume wangu akapanda treni kwenda Tabora. Mzee alisikitika mpaka akashika kichwa. Alikuwa akidhani mambo yalikwisha siku ile ya chai. Aliahidi kuja Shinyanga baada ya Idi, maana ilikuwa Ramadhani na miguu ilikuwa imevimba. Hakuiona Idi. Mume wangu alirudi tena Tabora, safari hii kwa msiba.

Matanga yalipokwisha akaja mtoto mkubwa wa marehemu, mtu mzima, mfanyabiashara wa Mwanza. Laiti angekuja kwa matusi, ningejua namna ya kumpokea. Alikuja kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na msiba."

"Nimeshapoa, mama. Baba aliniambia kwamba aliwauzia. Mimi binafsi sina neno. Lakini tuko warithi watano, na wenzangu wanasema hati bado ina jina la baba, kwa hiyo nyumba ni urithi wao."

Tulikwenda mahakamani. Balozi alisema aliyoyaona, majirani wakasema waliyoyajua. Nilikuwa na hakika kwamba hakimu akisikia habari za mabati, mtoto niliyemzaa mle na mama mkwe aliyefia mle, ataelewa. Alisikiliza yote, wala hakutuharakisha. Kisha akasema kwamba mauzo yasiyo na kibali hayahamishi umiliki, hata kama mnunuzi amelipa, amepewa funguo na ameishi humo. Warithi wakaamriwa waturudishie kile tulichokilipa. Tulirudishiwa kama tulivyotoa, lakini miaka ilikuwa imepita, na wakati huo fedha ile haikutosha kujenga hata jiko.

Nje ya mahakama yule mtoto wa marehemu alitufuata. "Mama, sipendi kuwatoa. Kaeni, mtakuwa wapangaji wangu."

Mume wangu alimtazama, akageuka, akaenda zake. Usiku ule tuligombana kwa mara ya kwanza tangu anioe.

"Siwezi kumlipa mtu kodi ya mabati niliyoyapiga misumari mwenyewe."

"Na watoto watalala wapi, baba watoto?"

"Nitatafuta. Nitakwenda Geita."

Watu wengi wa kwetu walikuwa wakienda huko kuchimba dhahabu. Aliacha kazi ya kiwandani, akachukua koleo na blanketi, akaniambia atarudi na uwezo wa kuinunua nyumba upya, mara hii kwa sheria. Mimi nikabaki, nikawa mpangaji. Kila mwisho wa mwezi nilisimama kwenye mlango wangu nikitoa kodi, na yule mtoto wa marehemu hakukosa kuniamkia.

Mwaka haukwisha, warithi wakaiuza. Aliyenunua alikuwa mtu wa kujua mambo. Hakutia mguu ndani mpaka kibali kilipotoka na jina likabadilishwa. Ndipo akaja, akaniomba kwa upole nihame, kwa kuwa sasa ni yake. Nikapata chumba kimoja mtaa wa Ngokolo, nikahama na watoto. Nilimtumia mume wangu salamu kwa wachimbaji wawili, kwamba tumehama. Hazikumfikia.

Alirudi wakati wa kiangazi, akishuka kwenye lori la pamba. Hakuuliza mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba, akasukuma mlango wa uani kama alivyozoea, akainama kunawa uso kwenye pipa la maji. Mwanamke wa ndani akapiga kelele za mwizi. Wapita njia waliingia, wakampiga kwa miti na mateke mpaka jirani yetu mkunga alipotoka na kuwasukuma, akilia, "Mwacheni! Ni mwenye nyumba! Ni mwenye nyumba!"

Mkunga ndiye aliyemleta kwangu. Jicho moja lilikuwa limefumba, na damu imeganda kwenye shati. Nilipasha maji nikamkanda.

"Kwa nini hukuuliza kwanza?" nilimwambia.

"Niulize nini, mayu, mama watoto? Nilikuwa naingia kwangu."

Geita haikumpa kitu. Duara, ndivyo walivyoliita shimo lao, lilijaa maji, na vumbi la mawe lilikuwa limemwachia kikohozi kisichokwisha. Kiwandani walikuwa wamekwisha kumwajiri mtu mwingine. Alitengeneza baiskeli za watu chini ya ukuta wa soko, na kila jioni alizunguka njia ndefu ya relini ili asiipite mitaa ile. Watoto walipomwomba waende kumsalimia mkunga, aliwaambia waende na mimi.

Alifariki kwa kikohozi kile, katika chumba chetu cha kupanga. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alikuwa na huruma lakini alisema hawezi kuweka msiba kwake, wapangaji wengine wangelalamika. Tulikodi gari mchana ule ule, tukamlaza nyuma, mimi nikakaa sakafuni nikiwa nimemshika miguu isitikisike, tukampeleka Samuye kwa kaka yake.